Embe, Ndizi na Pasheni: Kuchora Matunda kwa Penseli za Rangi

Embe la kwanza nililochora kwa penseli za rangi lilitoka kama kiazi kilichopakwa manjano. Nilikuwa nimelikandamiza. Nilishika penseli ya manjano, nikaisukuma karatasini mpaka pakang'aa kama nta, kisha nikatafuta pa kuweka rangi ya chungwa na wekundu wa begani nikakosa. Rangi ya pili ikateleza juu ya ile ya kwanza kama maji juu ya jani la nduma.

Nimewaona watu wengi wakirudia kosa hilo, watoto na watu wazima, na karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana nalo. Penseli ya rangi si rangi ya kopo. Haifuniki kilicho chini yake, inakitia kivuli tu. Embe zuri ni matabaka sita, saba, hata kumi, kila moja jembamba kiasi kwamba peke yake lingeonekana kama umeanza ukaghairi. Mkono ukiwa mzito katika tabaka la kwanza, kazi imekwisha kabla haijaanza.

Mchoro tutakaoufanya ni mdogo: embe moja, ndizi mbili zilizoshikana, na pasheni mbili, moja nzima na nyingine iliyokatwa. Tenga jioni tatu au nne, au Jumamosi mbili za asubuhi.

Kununua matunda ya kuchorwa

Tunda la kuchora halinunuliwi kama tunda la kula. La kula unataka limeiva leo. La kuchora unataka liwe bado siku tatu nyuma, maana litaendelea kubadilika mezani huku wewe ukihangaika na kivuli chake. Chukua embe lililo gumu lakini limeanza kupata rangi, na ndizi zenye kijani bado kwenye ncha na kikonyo. Embe aina ya apple, lile la mviringo linalokuja kwa wingi kutoka Makueni, ndilo bora kwa anayeanza, kwa sababu tunda moja lina manjano, kijani na wekundu kwa pamoja. Ngowe, lile refu lenye mdomo, lina umbo tamu zaidi ila rangi yake haina mabadiliko mengi. Msimu mkubwa wa maembe huwa karibu Novemba hadi Machi. Nje ya hapo tumia parachichi au chungwa, hatua ni zilezile.

Marikiti, lile soko kubwa la Nairobi, utapata kila kitu, lakini huko watu wananunua kwa kreti na mikokoteni haimsubiri mtu anayekagua doa la embe. Mimi humwendea mama wa matunda pale steji ya karibu na nyumbani.

"Mama, naomba hilo lenye jani."

"Hilo halijaiva, mwanangu. Chukua hili."

"Nalitaka vivyo hivyo, mama. Ni la kuchora."

Alinitazama kidogo. "La kuchora? Basi ngoja nikupe lililooza upande mmoja, nusu bei. Si halitaliwa?"

Ukweli ni kwamba ushauri wake haukuwa mbaya. Tunda lenye kovu, doa au jani kavu kwenye kikonyo huchorwa vizuri kuliko lililo safi kabisa, kwa sababu jicho hupata pa kushika. Ila doa liwe kavu. Kilichooza kitaleta vile vijinzi vya matunda, na utachora ukipunga mkono.

Ndizi usiziweke kwenye friji ukidhani unazihifadhi. Baridi hulifanya ganda kuwa jeusi haraka.

Penseli na karatasi

Seti ya penseli 24 inatosha. Kumi na mbili za shule pia zitakufikisha, ila nyingi zina rangi kidogo na vijazio vingi, na utachoka kupaka kabla kijani hakijakolea. Kama mfuko unaruhusu, baadhi ya maduka ya vifaa vya sanaa huuza penseli nzuri mojamoja, hivyo unaweza kujenga seti polepole. Kuna za nta na kuna za mafuta. Polychromos za Faber-Castell, zilizoanza kuuzwa mwaka 1908, ni za mafuta: ngumu kidogo, zinashika ncha. Za nta, kama Prismacolor Premier, ni laini, zinajaza haraka, na ncha yake huisha haraka vilevile.

Kwa mchoro huu nahitaji manjano ya limau, manjano ya kukolea, chungwa, nyekundu, damu ya mzee, zambarau, nili, samawati, kijani cha jani changa, kijani cha jani kuukuu, kahawia, rangi ya udongo, na nyeupe. Ukizitaja kwa sauti utasikia kwamba Kiswahili kimekwisha kukufanyia nusu ya kazi: zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, samawati ni mbingu, kijivu ni jivu. Lakini hapo hapo pana mtego. Mtu akisikia "rangi ya chungwa" hulichora chungwa kwa penseli ya chungwa kuanzia juu hadi chini, na chungwa la kweli lina kijani, manjano, kahawia na hata samawati pale dirisha linapojiona.

Nyeusi iweke kando. Nitakwambia baadaye utakapopata weusi.

Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na itachoka tabaka la tatu. Tafuta ya gramu 160 au zaidi. Ipitishie kidole: inatakiwa ikwaruze kidogo sana. Ule ukwaru ni vishimo vidogo vinavyoshika rangi, na vikishajaa karatasi haipokei tena. Karatasi laini kama kioo haina vishimo, na ile ya rangi za maji ina vishimo vikubwa mno, kila kitu kitakuwa na vidoa vyeupe. Ukubwa wa A4 unatosha.

Mengineyo ni kichongeo kikali, kifutio, kalamu ya biki iliyokwisha wino (usiitupe, ina kazi kubwa), brashi laini ya kupangusia vumbi la penseli, na kipande cha karatasi cha kuwekea mkono ili jasho na mafuta ya ngozi yasiguse mchoro. Penseli zisianguke. Mimi niliwahi kuangusha kopo zima ndani ya matatu, dereva alipokanyaga breki ghafla, na mwezi mzima baadaye kila nilipochonga, kipande kilitoka kizimakizima. Risasi ilikuwa imevunjika ndani ya mti, nje haina hata alama.

Kabla ya kuchora chochote, kata ukanda wa karatasi ileile na upake kila penseli mara tatu: kwa mkono mwepesi, wa wastani, na mzito. Rangi iliyopakwa nje ya mti wa penseli hudanganya.

Dirisha lipi?

Hapa vitabu vingi vya Ulaya vitakupoteza. Vinasema kaa karibu na dirisha la kaskazini. Huko kwao ni sawa, jua hupita kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga mpole usiobadilika. Nairobi iko digrii moja na robo hivi kusini mwa Ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Kwa hiyo Juni na Julai tafuta dirisha la kusini, Desemba na Januari la kaskazini. Kama hujui kusini ni wapi, Milima ya Ngong iko kusini-magharibi mwa jiji, anzia hapo.

Ukiwa na dirisha moja tu linalotazama ukuta wa ploti ya jirani, kama langu, usihuzunike. Ukuta ule uliopakwa krimu ni kiakisi kizuri ajabu. Na baridi ya Julai, wingu linapokaa juu ya jiji kutwa, humpa mchoraji mwanga tulivu ambao hana haja ya kuulipia.

Penye jua la moja kwa moja, kumbuka jua husogea digrii 15 kila saa. Kivuli ulichokianza saa tatu asubuhi, saa tano kimehamia kwingine. Chora muhtasari wa kivuli mapema na uuheshimu, usikikimbize. Usiku tumia taa moja ya mezani iliyo juu kushoto (kulia kama unaandika kwa mkono wa kushoto), na uzime taa ya dari. Taa mbili huleta vivuli viwili na tunda hupoteza umbo. Stima zikipotea, tochi ya simu iliyoegemezwa kwenye kikombe hutoa kivuli kikali cha kuvutia sana, ingawa macho yatalalamika.

Kuyapanga mezani

Weka embe nyuma kidogo upande mmoja, si katikati. Ndizi zipite mbele yake zikiwa zimepinda kuelekea ndani ya karatasi, maana ndizi ni kama kidole, jicho hufuata inakoelekeza. Pasheni nzima iguse ndizi au ifichwe kidogo nayo. Matunda yaliyotengana kila moja na nafasi yake huonekana kama yako kwenye foleni ya huduma. Pasheni iliyokatwa iwe mbele, uso wake umeinama kukuelekea.

Chini weka ubao, au kitambaa kisicho na maua. Leso ni nzuri, lakini maua yake na maandishi yatakula jioni zako zote. Kiondo nacho kiache kwa sasa, kila uzi ni mchoro wake.

Zungushia kila tunda alama ndogo ya chaki au selotepu mezani. Nyumba ina watu, na kuna atakayesogeza embe akipangusa meza. Kisha piga picha kwa simu ukiwa umekaa pale utakapochorea. Picha hiyo ni ya kukumbusha umbo tu. Kwa rangi, tazama tunda lenyewe, kwa sababu simu hukoleza manjano na kuyaua yale mazuri yaliyo kivulini.

Mistari

Nyosha mkono, funga jicho moja, pima urefu wa embe kwa penseli, kisha ulinganishe na ndizi. Kwenye meza yangu ndizi ilikuwa embe moja na nusu. Kipimo hicho kimoja tu kikiwa sawa, vingine hufuata. Chora maumbo makubwa kwanza: embe kama yai lililoegemea, ndizi kama mistari iliyonyooka mifupi mifupi inayobadili mwelekeo. Ukitazama vizuri, ndizi haijapinda kama mwezi, ina pande na kingo, na kila upande hupokea mwanga wake.

Fanya haya kwenye karatasi ya kawaida, ufute unavyotaka. Ukiridhika, bandika karatasi hiyo kwenye kioo cha dirisha mchana, weka ile nzuri juu yake, na unakili kwa penseli ya rangi hafifu: manjano kwa ndizi na embe, zambarau kwa pasheni. Usitumie penseli nyeusi ya kawaida. Ukipaka manjano juu yake unaburuta ule weusi, na ndizi hupata rangi ya matope ya kijani ambayo hakuna kifutio kitakachoiondoa. Kama karatasi yako ni nene mno kuonyesha mistari, paka mgongo wa mchoro wa kwanza rangi ya udongo, uuweke juu ya karatasi nzuri na upitie mistari.

Pasheni iliyokatwa kwanza

Kwa sababu ndiyo itakayokauka. Ndani ya saa chache utomvu hupoteza mng'ao na mbegu huzama.

Acha duara la nyama nyeupe karibu bila kuligusa. Paka tu kivuli chembamba cha waridi au damu ya mzee ukingoni ambako nyeupe inakutana na ganda. Ndani, paka manjano ya limau, kisha manjano ya kukolea, na chungwa kidogo katikati ya vifuko. Kila mbegu iache na doa jeupe dogo, saizi ya ncha ya sindano, kabla hujaitia giza. Doa hilo lina kingo kali kwa sababu utomvu umelowa. Mbegu zenyewe zitie nili, halafu kahawia juu yake, halafu nili tena. Huo ndio weusi niliokuahidi. Una kina, na ukiuweka kando ya weusi wa penseli nyeusi utaona ule wa penseli umekaa pale kama tundu la panya.

Ganda la pasheni nzima hufuata njia hiyohiyo: damu ya mzee, nili upande wa giza, zambarau kuunganisha. Kama imeanza kukunjamana, usichore mikunjo kama mistari. Kila kunjo lina upande wa mwanga na upande wa giza.

Embe

Hapa tulia. Chonga penseli ya manjano ya limau mpaka ichome, ishike mbali na ncha ili mkono usiwe na nguvu, na upake embe lote kwa viduara vidogo isipokuwa pale mwanga unapogonga. Zungusha penseli mkononi kila baada ya muda ili ncha isilale. Ukimaliza, ipaswe kuonekana kama hujafanya kitu.

Sasa chukua ile biki iliyokauka. Embe lina vitone vyeupe kwenye ganda. Vibonyeze karatasini kimoja kimoja, bila mpangilio, vikaribiane zaidi kwenye ukingo ambako ganda linakupa kisogo. Kwa sasa hutaviona. Penseli ikipita juu yake baadaye, itaruka vile vishimo na vitone vitabaki na manjano yao hafifu. Mara ya kwanza nilipofanya hivi na wekundu ukaanza kuviibua, nilimwita mwenye chumba cha jirani aje aone, saa nne usiku. Vibonyeze kabla ya rangi za kukolea, maana baada ya hapo umechelewa.

Tabaka la pili litakushangaza: zambarau, nyepesi kama pumzi, upande wa giza tu. Manjano hayaingii kivulini kwa kutiwa nyeusi, yanageuka kijani kibaya. Zambarau ndiyo inayoyatuliza. Ikizidi utapata matope, kwa hiyo jaribu kwenye ukanda wako kwanza. Juu yake paka manjano ya kukolea karibu kote, kisha chungwa kuanzia kivulini ukitoka nje, ukiipunguza inavyokaribia mwanga.

Wekundu wa begani hauna mpaka. Anza na chungwa, kisha nyekundu, kisha damu ya mzee kidogo palipo na giza, na kila rangi iishie mbali kidogo kuliko iliyo juu yake. Kijani cha jani changa kiweke karibu na kikonyo na popote unapokiona. Kijani na nyekundu vikikutana huzaa kahawia. Kama embe lako linayo, iache itokee yenyewe, usiipake.

Finya macho utazame. Sehemu ya giza kuliko zote haiko ukingoni kabisa mwa embe, iko ndani kidogo. Ule ukingo wa chini una mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani, na kama ndizi ziko karibu, una manjano yao. Mstari huo mwembamba ndio unaolifanya embe kuwa mviringo. Nimeona michoro yenye rangi nzuri kabisa iliyolala bapa kwa kukosa hilo tu.

Mng'ao wa embe si mweupe. Ukitazama una samawati kidogo ya dirisha, na kingo zake zimeyeyuka. Uguse kwa samawati mara moja, uondoke.

Mwisho kabisa, wakati vishimo vimekaribia kujaa, chukua penseli ya manjano ya limau au nyeupe na usugue sehemu za mwanga kwa nguvu. Rangi zitaungana na ganda litakuwa laini. Hapa ndipo kukandamiza kunaruhusiwa, ila hakuna tabaka linaloshika baada yake, kwa hiyo usifanye ukiwa na usingizi.

Ndizi

Hizi ni za haraka. Manjano ya limau kote, zambarau na rangi ya udongo kwenye ule upande ulio kivulini, kijani kwenye ncha, kahawia na nili kwenye kikonyo. Kingo baina ya pande ziache kali sehemu moja na zififie sehemu nyingine. Ganda la ndizi halimeremeti kama mbegu za pasheni, kwa hiyo mng'ao wake ni mpana na hafifu. Ukiupa doa jeupe kali utakuwa umechora ndizi ya plastiki. Madoa ya kahawia yakitokea siku ya pili, yachore. Yakitokea siku ya nne, jifanye hujayaona.

Vivuli na meza

Kivuli cha tunda ni cheusi zaidi na kikali pale linapogusa meza, halafu hulegea kadiri kinavyokwenda mbali. Kianze kwa rangi ya meza, ongeza nili na zambarau, kisha rangi kidogo ya tunda lenyewe: kivuli cha embe kina chungwa ndani yake. Pale tunda na meza vinapogusana pana mwanya mwembamba wa giza kuliko yote. Usipouweka, matunda yataelea.

Meza ipake kwa mistari mirefu ya mkono mwepesi, tabaka mbili au tatu tu. Nyuma unaweza kuacha karatasi tupu, ila upande ambao embe lina mwanga, samawati au kijivu kidogo nyuma yake hulisukuma mbele.

Ukishamaliza

Egemeza mchoro ukutani, ukae upande wa pili wa chumba. Kama kuna tunda linaloonekana kama kibandiko, halina giza la kutosha. Wengi huishia njiani kwa kuogopa giza.

Penseli za nta huweza kutoa utando mweupe kama ukungu baada ya siku kadhaa, hasa juu ya pasheni. Si kuvu. Upanguse taratibu kwa kitambaa laini. Ukiweka kwenye fremu, kioo kisiguse karatasi, weka ukingo wa kadibodi katikati. Na ule ukanda wa majaribio usiutupe: funika nusu yake kwa kadibodi, uubandike dirishani wiki kadhaa. Rangi zinazofifia, mara nyingi waridi na zambarau, zitajitaja zenyewe, na utajua mchoro usiuning'inize panapopigwa na jua.

Embe kula, litakuwa limefika. Ile pasheni iliyokatwa itupe, hata kama bado inanukia.